Shajara ya kusaka makala zilizohakikiwa: kotonii inayokufa Zanzibar

Kazi yenyewe ni sura ya mapitio ya maandishi ya tasnifu yangu ya uzamili. Nauliza kwa nini mwani aina ya kotonii unakufa kwenye mashamba ya pwani ya mashariki ya Unguja, ilhali aina nyingine, spinosum, bado inavumilia. Msimamizi wangu anataka makala zisizopungua 40 zilizohakikiwa na wanataaluma wenza, yaani zilizosomwa na kukosolewa na wajuzi wengine wa fani hiyohiyo kabla ya kuchapwa. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Naandika kila hatua inapokwisha, pamoja na gharama zake, ili anayekuja nyuma yangu asijikwae nilipojikwaa.

Vifaa: laptop ya mtumba ambayo betri yake haimalizi saa mbili, bando, daftari, na kitambulisho cha maktaba ya chuo.

3 Februari 2025

Maktaba ilifunguliwa saa mbili asubuhi nami nipo mlangoni. Kwenye kisanduku cha kutafutia niliandika sentensi nzima ya Kiingereza, kama namuuliza mtu: kwa nini mwani unakufa Zanzibar. Yakarudi matokeo zaidi ya elfu nne. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa mwani wa vipodozi, mwani wa kulisha ng'ombe na mwani wa Indonesia. Chombo hakikuelewa swali langu, kilikuwa kinalinganisha maneno tu.

Upande wa kushoto kuna vichujio, na kimoja ni kiboksi cha tiki kinachobakiza majarida yaliyohakikiwa. Nikatia tiki. Nikabana miaka iwe 2015 hadi 2025, kwa sababu nilisikia mahali kwamba makala ya zaidi ya miaka kumi ni ya zamani. Jioni nilikuwa nimehifadhi makala 58, nikaenda nyumbani najipongeza.

Gharama: bando la mwezi Sh 35,000, chai na vitumbua Sh 1,500.

10 Februari

Daktari, msimamizi wangu, alifungua faili la kwanza, la pili, la tatu, akavua miwani.

"Hizi umezisoma au umezihesabu?"

Nikanyamaza. Akanigeuzia laptop. Makala ya tatu ilikuwa na kichwa kizuri chenye neno mwani na neno Afrika, lakini ilikuwa ya kurasa mbili, na chini ya kichwa paliandikwa idadi ya kurasa 312 na bei kwa pauni. Yalikuwa mapitio ya kitabu. Mtu mmoja amesoma kitabu cha mwenzake, akaandika maoni yake, mhariri akayachapa. Hakuna aliyeyahakiki.

Usiku nilizipitia zote upya, moja moja. Nilikuta tahariri 6, mapitio ya vitabu 4, barua kwa mhariri 2, ukurasa 1 wa masahihisho, na ikisiri 6 za mkutano, yaani mihtasari mifupi tu, ambazo ziliwekwa kwenye toleo maalumu la jarida. Jumla 19, na zote zilipita kwenye tiki.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. Tiki ile inamhukumu mwenye nyumba, haimhukumu mgeni. Kanzidata imewekewa kumbukumbu kwamba jarida fulani lina utaratibu wa kuhakiki, basi kila kilichochapwa ndani ya jarida hilo kinapita, hata salamu za rambirambi. Na kinyume chake pia ni kweli: sura ya kitabu iliyohakikiwa barabara inatupwa nje kwa sababu haimo kwenye jarida.

Nilichofanya tangu siku hiyo ni kufungua makala yenyewe na kutazama mambo machache kabla ya kuihifadhi. Je, ina sehemu ya mbinu inayoeleza sampuli zilichukuliwa wapi, lini na kwa kipimo gani? Waandishi wameandika taasisi zao? Na kwenye ukurasa wa kwanza, au mwishoni, kuna tarehe tatu: ya kupokelewa, ya kurekebishwa na ya kukubaliwa? Tarehe hizo nimezipenda kuliko kitu kingine. Makala iliyopokelewa Machi, ikarekebishwa Agosti na kukubaliwa Oktoba ina makovu ya mtu aliyeambiwa arudi akafanye tena.

Bi mkutubi alinionyesha pia Ulrichsweb, orodha kubwa ya majarida ya dunia, ambayo huchora fulana ya refa yenye mistari myeusi na myeupe pembeni mwa kila jarida lenye uhakiki. Ni nyenzo nzuri, lakini inalipiwa, na sisi hatuna. Yeye aliijulia chuo alichosomea. Sisi wengine tunakwenda kwenye tovuti ya jarida na kusoma maelekezo kwa waandishi. Jarida la kweli hueleza ni nani anahakiki na kwa utaratibu gani.

Kati ya 39 zilizobaki, 22 zilikuwa za kemia ya chakula au za nchi nyingine bila uhusiano na ugonjwa. Nimebaki na 17.

18 Februari

Wiki nzima nimekwama kwenye majina.

Niliandika neno la Kiingereza la mwani pamoja na Zanzibar, na kila nikirudia napata makala zilezile. Kumbe kila kizazi cha wanasayansi kimeuita mmea huu jina lake. Kotonii leo inaitwa Kappaphycus alvarezii, lakini jenasi ya Kappaphycus, yaani kundi la aina zenye undugu, ilitengwa na mwanasayansi Maxwell Doty mwaka 1988. Kabla ya hapo waandishi waliandika Eucheuma cottonii, wengine Eucheuma striatum, na wafanyabiashara wanaendelea na cottonii mpaka leo. Spinosum ndiyo Eucheuma denticulatum. Kwa hiyo anayetafuta jina la sasa peke yake anaufungia nje utafiti wote wa miaka ya 1970 na 1980, ukiwemo ule wa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotangulia kilimo chenyewe. Na mimi nilikuwa nimeufunga mara mbili, kwa jina na kwa ule mpaka wangu wa 2015. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Historia ya miaka zaidi ya 30 nimeipunguza mwenyewe ikawa kumi kwa kubofya mara moja.

Suluhisho lilikuwa ukurasa wa utafutaji wa kina, wenye visanduku kadhaa. Kisanduku cha kwanza: Kappaphycus OR Eucheuma OR seaweed*. Cha pili: Zanzibar OR Tanzania OR Unguja. Kati yao AND. OR inapanua wavu, AND inaubana. Kinyota mwishoni kinaleta na wingi wa neno, lakini usikiweke mapema mno kwenye neno: niliandika sea* nikaletewa misimu ya mwaka, samaki wa baharini na utafutaji wenyewe. Maneno mawili yanayokwenda pamoja, kama ice-ice, jina la ugonjwa unaoyafanya matawi ya mwani kuwa meupe na kulainika, yafunge kwenye alama za nukuu. Bila alama hizo niliwahi kuletewa makala za barafu ya Antaktika.

Nimeongeza 14. Jumla 31.

21 Februari

Fupi, lakini liliniuma. Nilipoongeza neno Pemba kwenye kisanduku cha pili, yaliingia makala kadhaa ya mji wa Pemba ulioko Cabo Delgado, Msumbiji. Nikajiona mjanja, nikaweka NOT Mozambique. Orodha ikawa safi kabisa.

Safi mno. Makala moja niliyokuwa nimeisoma wiki iliyopita haikuwemo tena. NOT inaondoa kila andiko lenye neno hilo popote, na utafiti wa Bahari ya Hindi ya magharibi mara nyingi unalinganisha Tanzania na Msumbiji, maana kule nako walilima mwani. Nimeitoa NOT, nimeweka Pemba pamoja na Zanzibar kwa AND kwenye utafutaji wa peke yake, na za Cabo Delgado nazichambua kwa macho. Zimeingia makala 3 ambazo ningezikosa. Jumla 34.

4 Machi

Ramadhani imeanza. Nafanya kazi baada ya tarawehe, na kwa bahati intaneti ya usiku ni nyepesi.

Kupata ikisiri si kupata makala. Kati ya 34, nilifungua 20 bila malipo. Hizo 14 nyingine zilinisimamisha mlangoni, moja ikidai dola 39.95 kwa kurasa tisa. Nilikaribia kumwomba kaka yangu aliyeko Muscat alipe kwa kadi yake. Bi mkutubi alinizuia: "Mwanangu, usinunue kitu ambacho umeshapewa."

Kuna mpango unaoitwa Research4Life, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia. Tanzania imo kwenye kundi linalopata bure. Ndani yake kuna milango kadhaa: Hinari ya afya ilifunguliwa mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na AGORA ya kilimo, ikiwemo uvuvi, mwaka 2003 chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Chuo kilikuwa kimesajiliwa siku zote. Nenosiri liko kwa wakutubi, na wao hawalibandiki ukutani kwa sababu kila likibandikwa linavuja. Ukiomba, unapewa. Mwaka na nusu sikuomba.

AGORA ilifungua 11. Kwa 3 zilizobaki niliwaandikia waandishi barua pepe ya mistari minne, nikitaja makala na sababu ya kuihitaji. Mmoja alinijibu siku ya pili, akanitumia na nyingine mbili ambazo nilikuwa nazo. Wawili kimya. Nina 32 mkononi.

Gharama: hakuna, ukiacha usingizi.

15 Machi

Leo nimefuta kurasa nne za sura yangu.

Kulikuwa na makala moja niliyoipenda sana. Ilikuwa na jedwali la joto la maji na kiwango cha kuoza kwa kotonii, mwezi kwa mwezi, namba zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Niliipata kwa Google Scholar, si kwa kanzidata ya maktaba, na niseme hapa kwamba Google Scholar haina tiki ya uhakiki hata ile dhaifu. Inakusanya kila kinachofanana na kazi ya kitaaluma: makala, tasnifu, andiko la awali ambalo halijahakikiwa, hata wasilisho la mkutano. Kwa kufuata nani amemnukuu nani haina mpinzani, na kwa kupata nakala ya bure bofya sehemu ya matoleo yote. Kwa kukuhakikishia ubora, hapana.

Kilichonishtua ni zile tarehe tatu. Ilipokelewa tarehe 3, ikakubaliwa tarehe 7 ya mwezi huohuo. Siku nne! Nikafungua tovuti ya jarida. Lina neno "kimataifa" kwenye jina, na linapokea kazi za udaktari wa meno, uhasibu, fasihi na uvuvi. Bodi ya wahariri ina majina ishirini na kitu, hakuna hata mmoja mwenye anwani ya chuo. Linajisifu kwa kipimo cha athari (jinsi makala zake zinavyonukuliwa) cha juu, kilichotolewa na kampuni ambayo kazi yake ni kuviuza vipimo hivyo.

Nikajaribu ISSN, ile namba ya tarakimu nane ya kila jarida. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutoka zile saba za kwanza. Chukua ya jarida la Nature, 0028-0836. Zidisha tarakimu saba za kwanza kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, kisha jumlisha: 12 ya ile 2, 40 ya ile 8, 24 ya ile 8 nyingine, 6 ya ile 3. Jumla 82. Gawa kwa 11, inabaki 5. Toa 5 kwenye 11, unapata 6, na kweli inaishia na 6. Kwa jarida langu hesabu ilidai 4, wao wameandika 7. Namba ya kubuni. Lakini tusidanganyane: namba ikikubali haimaanishi kwamba jarida ni zuri. ISSN ni kama namba ya gari, dereva anaweza kuwa hajui kuendesha.

Wengine watakutumia orodha ya Beall. Jeffrey Beall alikuwa mkutubi Denver, Marekani, na orodha yake ya majarida yenye shaka aliiondoa mtandaoni Januari 2017. Nakala zinazozunguka kwenye magrupu ya wanafunzi zinamtaja yeye, lakini mitego imezaliwa mingi tangu hapo. Ukubwa wa tatizo ulionekana mwaka 2013, mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alipotuma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304, na 157 yakaikubali.

Nimeitoa ile makala pamoja na nyingine 2 za nyumba hiyohiyo. Nimebaki na 29. Jedwali lililonyooka vile nalo nimelifuta, na hoja yangu ya joto imekuwa nyembamba mpaka nipate namba nyingine.

24 Machi

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baada ya ile balaa nilianza kutupa kila jarida nisilolijua, zikaenda makala 5 za Afrika Mashariki kwa kosa la kutokuwemo kwenye kanzidata moja kubwa ya Ulaya. Nikampelekea Bi mkutubi orodha, kwa majivuno kidogo. Akaisoma akiwa amesimama.

"Hili unalolitupa linachapwa hapahapa Unguja. Nenda ukawaone."

Alikuwa anazungumzia Western Indian Ocean Journal of Marine Science, la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu yenye makao Zanzibar. Linatoka tangu 2002, linahakiki, na linasomwa bure. Mimi nilikuwa nalitafuta London wakati liko mtaa wa pili.

Majarida ya aina hii yanapatikana AJOL, jukwaa la majarida ya Afrika lililoanza mwaka 1998 na kuendeshwa kutoka Afrika Kusini. Majarida yake hupimwa kwa mfumo uitwao JPPS na kupewa nyota, kutoka hakuna mpaka tatu, kulingana na jinsi yanavyofuata taratibu za uchapishaji. Nyota nazo zinahukumu jarida, kwa hiyo makala bado naifungua. Kwa majarida ya bure ya kokote duniani natazama DOAJ, ambayo humkagua anayeomba kuorodheshwa na humtoa anayekengeuka.

Nimezirudisha 5 zote baada ya kuzikagua, nikapata 4 mpya. Jumla 33.

2 Aprili

Idi nimeila Jambiani kwa shangazi. Amelima mwani tangu mimi sijaanza shule. Bamvua lilikuwa kubwa, maji yamekwenda mbali, tukatembea mpaka kwenye mambo zake, vile vijiti vya kufungia kamba za mwani. Kamba zote ni spinosum. Nilimwuliza kuhusu kotonii, naye akainama kuokota kipande kilichokatika, akakifikicha kwa vidole.

"Kotonii inataka maji baridi, mwanangu. Kule kwenye kina bado inaota. Lakini kule sisi hatufiki, hatujui kuogelea. Na ngalawa ni za wanaume."

Miezi miwili nimetafuta joto, chumvi, bakteria na jina la Kilatini. Sikuwahi kuandika neno wanawake kwenye kisanduku.

Usiku nilifanya utafutaji mpya, safari hii kwenye JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni, na kanzidata za sayansi za jamii ambazo sikuzigusa kwa kuwa "mimi ni mtu wa biolojia". Nikaweka mwani na Zanzibar kama kawaida, na kisanduku cha tatu: women OR gender OR swim*. Habari ya kina cha maji na ya kutojua kuogelea imeandikwa na kuhakikiwa, watu wamejaribu hadi nyavu za mirija za kulimia maji marefu. Tahadhari moja ya JSTOR: majarida mengi pale yana ukuta unaosogea, yaani miaka michache ya karibuni haimo, hivyo makala mpya nilizifuata kwenye tovuti za majarida yenyewe. Nimepata 9. Jumla 42.

Gharama: daladala kwenda na kurudi Sh 6,000, kilo mbili za sukari kwa shangazi.

14 Aprili

Nimezihamishia zote Zotero, ambayo ni bure na hupanga marejeo. Kwanza iligundua makala moja nimeihesabu mara mbili, andiko la awali na toleo lililochapwa kwa vichwa tofauti kidogo. Jumla ni 41. Pili, huonya kwa utepe mwekundu makala ikiwa imebatilishwa, kwa kutumia kumbukumbu za Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizobatilishwa. Kwangu haukutokea. Nililijaribu onyo lenyewe kwa kuingiza ile makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu chanjo ya surua, ya mwaka 1998, iliyobatilishwa 2010. Utepe ukaja papo hapo.

Kando nimefungua faili la pili: ripoti ya FAO ya 2013 kuhusu uchumi wa mwani yenye sura ya Tanzania, tasnifu tatu, na takwimu za wizara. Hazihesabiki kwenye zile 40, lakini bila hizo sura yangu haina bei wala idadi ya wakulima. Daktari amekubali zitumike mradi nizitaje kwa jina lake, ripoti iwe ripoti.

Jumla ya fedha: bando miezi mitatu Sh 105,000, kuprinti kurasa 160 kwa Sh 200 ni Sh 32,000, nauli na vitafunio kama Sh 28,000. Makala zilizonunuliwa: hakuna.

Zilizobaki: wale waandishi wawili wasiojibu, nimewaandikia tena leo asubuhi. Na namba za joto la maji bado sijazipata.